Masaa ya Jackton

Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla hata kompyuta hazijawashwa, Nanjala aliona kwamba kadi ya Lazarus ilikuwa imeshajazwa.

Kila kazi pale ofisini ilikuwa na kadi yake ukutani. Upande wa kushoto uliandika masaa uliyokadiria, na upande wa kulia, kazi ikiisha, masaa uliyotumia kweli. Kadi ya Lazarus ilisema: makadirio kumi na sita, halisi matatu. Mwandiko ulilalia kushoto, na kadi ilinuka ubani, humo katikati ya jiji, katika ofisi ambamo hakuna mtu aliyewahi kufukiza chochote.

"Nani ameandika hii?" aliuliza.

"Si mimi," Zadock alisema akicheka. "Labda ni Jackton."

Nanjala hakucheka. Jackton lilikuwa jina tupu. Alilibuni yeye mwenyewe mapema mwaka huo wa 2008, wakati timu yake ilipokuwa ikikadiria masaa ishirini na kumaliza kwa arobaini kila wiki mbili. Waceke, bosi wao, alikuwa amesema wazi kwamba tofauti hiyo ikionekana tena, uongozi wa timu atapewa mwingine. Basi masaa yaliyozidi Nanjala akamwandikia Jackton, akampa hata meza dirishani ili uongo ukae vizuri. Waceke, ambaye siku nyingi alifanyia kazi nyumbani kwake mtaani Karen, akaridhika kabisa.

Saa sita kamili, masaa matatu tangu aketi, Lazarus alianguka kutoka kitini. Walimpeleka hospitali macho yakiwa wazi, hasemi, hamtambui hata mkewe.

Selpher, mama wa chai, alimvuta Nanjala kando.

"Umepea mtu jina, ukampea kazi na mahali pa kukaa," alinong'ona. "Kwetu hiyo ni kuita. Na kuna kitu imeitika."

"Sasa nitafanya nini, mama?"

"Enda uambie bosi ukweli. Mtoe huyo mtu kwa kazi."

Nanjala aliogopa, lakini, aibu iliyoje, alimwogopa Waceke zaidi. Akanyamaza. Jumanne vibonye vya kompyuta ya pale dirishani vilianza kulia taratibu, na kitini hapakuwa na mtu. Jumatano kila mmoja alivisikia, na kila mmoja akajifanya ana shughuli.

Alhamisi alasiri aliinua macho akaona kadi ya Zadock: makadirio arobaini, halisi sita. Alikumbuka kwamba Zadock alikuwa ameketi tangu saa tatu asubuhi bila kuinuka hata kwenda kula, akatazama saa ukutani akaona imebaki robo saa tu ifike saa tisa, na huku vibonye vya dirishani vikizidi kwenda mbio na ubani ukimkaba koo alimshika Zadock shati, akamvuta kutoka kitini, akamburuta ngazi zote hadi barabarani katikati ya wachuuzi, Zadock akiuliza kuna nini.

"Usirudi huko juu," alimwambia. "Tafadhali, Zadock. Enda nyumbani."

Kisha akapanda mbio hadi chumba cha Waceke, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja mjini.

"Bosi, Jackton hayuko," alisema akihema. "Nilimbuni mimi. Hayo masaa yote ni yetu."

Waceke hakumtazama. Alikuwa amekielekea kiti kilichokuwa mbele ya meza yake, kiti kitupu, akiitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mtu. Chumba kizima kilinuka ubani.

"Amesema ungekuja kuniambia hivyo," alisema kwa upole. "Alikadiria utachukua dakika nne kufika. Umechukua nne. Huyu mtu hakosei, Nanjala. Kuanzia leo ndiye anaongoza timu."

Nanjala alishika mlango.

"Sasa anauliza," Waceke akaendelea, "ile robo saa ya Zadock imebaki. Tumwite arudi, ama mtu mwingine aimalize?"

Akilini Nanjala alimwona Zadock kule chini, akitembea jua likimpiga usoni, hajui lolote. Alimwona na Lazarus kitandani. Alitamani kumtaja mtu mwingine, yeyote yule, na kutamani huko kukamchoma.

"Usimwite," alisema. "Hiyo robo saa ni yangu."

Akaja akaketi mbele ya meza. Waceke alitazama saa, akachukua kadi mpya, akaandika jina la Nanjala na muda wa kuanza.