Aliyeua Friji ya Ploti

Kila Jumamosi, saa moja asubuhi, mlango wa kina Selpha ulianza kubishwa. Huyu analeta samaki wawili wa ngege waliokwisha kuparwa magamba, yule analeta maziwa, mwingine nyama ya Jumapili iliyofungwa kwenye gazeti. Ploti yao ya Nyalenda, pale Kisumu, ilikuwa na vyumba kumi na friji moja tu. Friji hiyo ilikuwa ya Agneta, mama yake Selpha, aliyeinunua baada ya kuuza nguo za mitumba sokoni Kibuye kwa miaka minne. Hakumnyima mtu nafasi. "Friji ya kulisha nyumba moja ni kabati," alikuwa akisema.

Selpha, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa msimamizi. Alipangusa rafu, akapanga vyombo, akafunga kila samaki kwa kipande cha kitambaa: chekundu cha Mama Shantel wa chumba cha tatu, cha maua cha Mzee Oduor wa chumba cha nane. Hakuna aliyewahi kula samaki wa mwenzake.

Alhamisi ya wiki hiyo Fundi Wakhisi alikuwa ameitengeneza ile friji. Huyu Wakhisi alikuwa na meza yake kwenye baraza ya lango la ploti kwa miaka kumi na mmoja, akitengeneza pasi, redio na majiko ya stima. Mwaka ule wa mafuriko, maji yalipoingia hadi uvunguni mwa vitanda, ni yeye aliyekausha redio za ploti nzima bila kudai hata kikombe cha chai. Na likumbukwe hilo, kwa maana siku mbili baadaye watu wazima walijifanya hawalijui.

Alibadilisha mpira wa mlango, kisha akachomeka ukutani kisanduku cheupe kilichoitwa gadi, na friji akaichomeka kwenye gadi.

"Mama Selpha, sikiliza," alisema. "Stima ikipotea na kurudi, hii gadi itawasha taa nyekundu na kungoja dakika tatu. Haijaharibika. Inangoja stima itulie ndipo iipe friji. Msiichomoe."

"Sawa fundi, sawa," alijibu Agneta, simu iko sikioni, akibishana na mteja kuhusu bunda la sweta.

Aliyesikia kila neno ni Selpha.

Basi Jumamosi ile Agneta alikwenda Kibuye mapema. Saa tano stima ikapotea. Saa sita na nusu ikarudi, na ploti nzima ikapiga kelele ya furaha. Redio zikaanza kuongea zote kwa pamoja. Friji peke yake ndiyo iliyonyamaza. Kwenye gadi taa nyekundu iliwaka, tuli.

"Wee Selpha!" Mama Shantel aliita kutoka kwenye kamba ya nguo. "Mbona siisikii friji? Nina wageni kesho, yawa! Hao ngege wakioza utawapikia wageni wangu vidole vyako?"

"Inakuja, Mama Shantel."

Mzee Oduor, ambaye hakuna kifaa duniani asichokuwa na maoni juu yake, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kivulini. "Vitu vya siku hizi!" alisema. "Zamani friji ilikuwa friji. Leo friji inawekewa askari, askari naye analala. Hako kasanduku kanakula tokeni za stima bure."

Griffin, mwanafunzi mwenzake Selpha katika Gredi ya Sita, alikuwa amesimama mlangoni akila mhogo. "Kwetu tulikuwa na hiyo kitu, tukaitupa," alisema. "Toa hiyo takataka, chomeka friji kwa ukuta moja kwa moja. Ama unaogopa stima?"

"Fundi alisema tungoje."

"Fundi! Basi ngoja. Msimamizi wa friji anaongozwa na taa." Akacheka mpaka mhogo ukamtoka mdomoni.

Selpha alitazama taa. Bado nyekundu. Zilikuwa zimepita dakika ngapi? Moja na kidogo. Lakini dakika moja ya kuchekwa ni ndefu kuliko somo la Hisabati. Damu ilimpanda usoni. Akaichomoa gadi, akaiweka juu ya meza, akachomeka friji ukutani.

Ngrrrrr, friji ikaamka.

"Haya! Huyo ndiye mtoto wa Agneta!" Mama Shantel alisifu kutoka nje, asijue kilichofanyika ndani.

Sifa ile haikukaa muda wa kumeza mate. Stima ikapotea, ikarudi. Ikapotea tena, ikarudi kwa nguvu hadi taa ya chumbani ikang'aa kama ya mpiga picha. Nyuma ya friji pakalia tak! Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani, kisha kimya.

Selpha na Griffin walitazamana.

"Mimi sijaona kitu," alisema Griffin, na huyo, akatoweka na mhogo wake.

Selpha aliichukua gadi, akairudisha ukutani, akachomeka friji ndani yake kama ilivyokuwa. Akafungua dirisha harufu itoke. Ukitazama, ungedhani hakuna mkono wa mtu uliogusa chochote.

Agneta aliporudi saa tisa, alikuta maji ya barafu yamefika mlangoni na kikao kimeanza bila mwenyekiti. Vitambaa vilikuwa vimelowa, samaki wamelegea.

"Ilikufa tu?" aliuliza, kijasho kikimtoka.

"Ilikufa tu," alijibu Selpha, macho chini.

Hapo ndipo maoni yalipotoka kila chumba, na hakuna hata mmoja aliyefungua friji nyuma kutazama. Mmoja akasema fundi amechomoa kompresa, ile mashine inayotia friji baridi, akaweka kuukuu. Mama Shantel akasema mafundi wa barazani ni walewale. Mzee Oduor akasema aliyajua haya tangu Alhamisi. Alhamisi hiyo, kusema kweli, alikuwa amelala.

Wakamwendea Wakhisi langoni, watu wazima tisa kwa mtu mmoja aliyeshika bisibisi.

"Mwizi wewe!" Agneta alifoka. "Miaka minne nimeinama Kibuye juani, wewe unakuja kunifungulia friji na kuniibia?"

"Mama Selpha, twende tuifungue mbele ya watu wote," alisema Wakhisi kwa sauti ya chini. "Kompresa ni ileile. Nani alikuwa na friji stima iliporudi?"

"Mtoto wangu. Na mtoto wangu si mwongo!"

Selpha, nyuma ya mama yake, alihisi maneno yale yakimchoma kama jivu la moto. Wakhisi alimtazama mara moja tu. Selpha akatazama viatu vyake.

Walimnyang'anya sanduku la vifaa, wakaliburuta hadi chumbani kwa Agneta. "Utalipata ukirudisha kompresa," wakamwambia. "Na hapa barazani usionekane tena." Kisha Agneta akampiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kuandika chini yake: MWIZI. FUNDI WAKHISI. JIHADHARINI.

Tazama jinsi mambo yalivyo! Stima ya kuruka kama kichaa, hakuna aliyeikemea. Wauza vifaa wanaokupa karatasi ya maelezo yenye herufi ndogo za kusomwa na sisimizi, hakuna aliyewauliza. Hasira yote ya ploti ilitafuta mahali pa kutua, ikatua kwa mtu aliyekuwa karibu na asiye na wa kumtetea. Ndivyo inavyokuwa siku zote. Tajiri akikuuzia kitu kibovu unasema ni bahati yako. Maskini akikutengenezea unamwita mwizi.

Jumapili asubuhi Selpha alikutana na Griffin bombani.

"Nyamaza tu," Griffin alinong'ona. "Ile picha imefika hadi mtaa wa Kondele, nimeiona kwa simu ya anko. Yule Mhindi wa duka la vipuri naye ameiona, amesema hatamuuzia fundi vipuri tena. Lakini fundi ni fundi, atapata kazi kwingine."

"Kwingine wapi, Griffin?" Selpha aliruka juu. "Bila sanduku? Na jina lake limeandikwa mwizi kila mahali?"

"Sasa unanikasirikia nini? Nani alichomoa? Mimi?"

Selpha alifungua mdomo kumtukana, na tusi likakwama. Tangu jana alikuwa amemkasirikia Griffin, akaikasirikia stima, akawakasirikia hata wale ngege. Aliyestahili hasira hizo ndiye yule yule aliyeshika ndoo, yeye mwenyewe. Aliiacha bombani ikifurika, akakimbia nyumbani.

Agneta alikuwa akifunga kilemba cha kanisani. Sanduku la Wakhisi lilikuwa pale pale karibu na kitanda.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilichomoa gadi nikachomeka friji ukutani. Stima ikarukaruka, ikaungua. Halafu nikairudisha gadi ili msijue. Fundi alikuwa ametuambia tungoje dakika tatu. Alikuambia hata wewe, Mama, lakini ulikuwa kwa simu."

Kilemba kilianguka. Agneta alikaa kitandani, kisha akasimama, kisha akakaa tena.

"Umeniacha nimtukane mtu mzima mbele ya dunia," alisema. "Nimesema mtoto wangu si mwongo! Nimesema kwa mdomo huu!" Alitembea hadi mlangoni, akaufunga, akashusha sauti. "Sikiliza. Jioni tutampelekea sanduku lake, na ugali na kuku. Tutayamaliza huko huko kwake. Watu wa ploti hawana haja ya kujua."

"Lakini, Mama—"

"Nimesema jioni!"

Wakhisi alikaa chumba kimoja upande wa pili wa barabara, na mkewe ndiye aliyefungua mlango. Agneta aliweka sanduku chini, akaweka kuku juu ya meza, akanong'ona, "Bwana Wakhisi, tulikosea. Tusameheane tu, yaishe."

Wakhisi hakukigusa kile chakula.

"Mlinitukana mkiwa tisa, Mama Selpha. Leo mmekuja wawili na kuku," alisema. Sauti ilianza chini, ikapanda. "Mlinitangaza mwizi kwa mtaa mzima, sasa mnaniomba radhi kwa kunong'ona kama mnaoficha kitu. Mimi ndimi wa kufichwa? Radhi irudi kwa njia ileile tusi liliyopitia! Barazani mlinitukania, barazani mnisafishie. Kwenye simu mliniandika, kwenye simu mniandikie. La sivyo, mchukue kuku wenu."

Agneta alikunja uso. Selpha akadhani mama atafoka. Lakini mama alimtazama mke wa Wakhisi, aliyekuwa ameshika mlango, akaona jinsi macho yalivyomvimba kwa kulia. Agneta akalichukua sanduku yeye mwenyewe.

"Twende barazani, Bwana Wakhisi," alisema.

Jua lilikuwa bado halijatua walipofika ploti. Agneta alisimama kwenye baraza ya lango, akapiga makofi kama anavyoita wateja Kibuye. Milango kumi ikafunguka.

"Friji yangu haikuibwa kitu," alisema kwa sauti ya soko. "Iliunguzwa nyumbani mwangu na mtoto wangu. Fundi alinieleza namna ya kuitumia, sikumsikiliza. Nilimwita mwizi bila kufungua friji nitazame. Mwongo ni mimi na nyumba yangu. Selpha, sema."

Selpha alisema yote: taa nyekundu, kicheko, tak! ile, na jinsi alivyoirudisha gadi. Griffin alijificha nyuma ya shuka la Mama Shantel lililoanikwa kambani, lakini miguu yake ilionekana. Agneta alifuta ile picha kwenye kundi, akabonyeza simu akajirekodi akisema maneno yale yale kwa sauti, wote wakisikia, akayatuma. Jioni ile ile maneno yakafika Kondele, na Mhindi wa duka la vipuri akampigia Wakhisi simu mwenyewe.

"Ila mimi nilishuku," alianza Mzee Oduor. "Tangu mwanzo nilisema huyu fundi—"

"Mzee, ulisema mwizi," Selpha akamkatiza, akashtuka mwenyewe. "Samahani, Mzee. Lakini sote tulisema."

Mzee Oduor alikohoa, akainuka kwenye kigoda chake, akaenda kumpa Wakhisi mkono. Mama Shantel akafuata, kisha wengine, mmoja mmoja.

Wakhisi aliivuta friji, akaifungua nyuma mbele yao. Kompresa ilikuwa nzima, ileile ya siku zote. Kilichoungua kilikuwa rilei, kidude kidogo kama kibiriti, kinachoiamsha kompresa. Alikuwa nacho kingine sandukuni. Selpha alimshikia tochi. Fundi alipochomeka, gadi iliwasha taa nyekundu, na watu wazima kumi wakasimama kimya dakika tatu nzima bila mtu kutoa maoni.

Ngrrrrr.

"Sasa nisikilizeni, na nyinyi watoto hasa," alisema Wakhisi, akifuta mikono, na hasira bado iko sautini. "Kukasirika si kosa. Hata mimi nimekasirika, na kesho nitaamka nimekasirika. Lakini kabla hujamrushia mtu hasira yako, fungua kitu utazame ndani. Kifaa ukikiharibu, kuna kipuri cha kubadilisha. Jina la mtu ukilichafua, hakuna duka linalouza lingine. Na wewe Selpha, uongo wako haukuwa na maneno mengi. Ulisema 'ilikufa tu'. Maneno mawili yalitosha kuninyima kazi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalipia kosa lako."

"Nimesikia, Fundi. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukifanya kazi. Kuanzia kesho, ukitoka shule, utapita vyumba vyote kumi, umwonyeshe kila mtu jinsi gadi inavyofanya kazi. Na ukifika kwa huyu rafiki yako mwenye miguu chini ya shuka, anza naye."