Goli Si Mgomba

Kila jioni Annastella alimenya ndizi, sikio likiwa uani. Mpira ukidunda, moyo wake ulidunda nao. Ukinyamaza, aliacha kisu akatoka mbio kutazama kama nguzo imeanguka.

Nguzo hiyo aliisimamisha mumewe, Avit, pembeni ya kibanja chao cha migomba huko Izimbya. Juu yake aligongomelea ubao na ringi ya mpira wa kikapu. Binti yao Edvina alikuwa amechaguliwa timu ya shule. Baada ya wiki tatu wangekwenda kushindana Muleba.

Avit ni bingwa wa migomba, basi na goli alilitendea kama mgomba. Alichimba shimo lisilo na kina kwenye udongo laini. Kisha akaegemeza nguzo kwa miti miwili yenye panda, kama afanyavyo kwa mgomba wenye mkungu mzito.

"Umewahi kuona mgomba wangu umeanguka?" alimuuliza mkewe.

"Migomba hairukiwi na watoto, Baba Edvina."

Alhamisi, mvua ilipokatika, Kokwijuka, mdogo wake Edvina, alipanda juu ya ndoo, akarukia ringi, akaning'inia. Nguzo ikalia. Mti mmoja wa panda ukateleza kwenye tope. Annastella alipiga yowe, akamkamata mtoto kiunoni, akamvuta kando. Nguzo ikalala pale pale alipokuwa.

"Shoka liko wapi?" Annastella alifoka. "Leo naikata kuni!"

"Mama, nitafanyia mazoezi wapi?" Edvina alilia. "Shuleni goli ni moja, na wavulana hawabanduki."

Annastella alitaka binti yake acheze, lakini alitaka watoto wote wawili wabaki hai. Akaenda kumwita jirani yao, Mwalimu Consolata, anayefundisha timu ya shule.

Mwalimu alitazama shimo, akamtikisia Avit kichwa. "Waitu Avit," alisema kwa heshima, "mkungu hutulia. Goli hupigwa na kutikiswa kila siku."

"Sasa nifanyeje?"

"Tafuta nguzo ndefu zaidi. Chimba mita moja na robo, kwenye ardhi ngumu, mbali na kibanja. Upande wa chini wa nguzo paka oili chafu, mchwa wasiile. Shindilia zege la saruji, mchanga na kokoto. Halafu wiki nzima asiiguse mtu."

"Na ringi iwe juu kiasi gani?" Edvina aliuliza.

"Mita tatu na sentimita tano kutoka ardhini, kama Muleba. Hii yenu ilikuwa chini. Ukiizoea, kule mipira yako haitafika."

"Na huyu mdogo?" Annastella aliuliza.

"Arushe kutoka karibu, kwa mpira mdogo. Ila kuning'inia, hapana! Hata nguzo ikiwa imara, bado ringi inaweza kuchomoka, mtoto akaangukia kichwa."

Avit aliinama. "Kumbe nimewategea wanangu mtego," alisema taratibu.

Kesho yake alichimba, akasimamisha nguzo mpya, akashindilia zege. Kwa siku saba Annastella alilinda zege, hata kuku aliwafukuza. Siku ya nane aliisukuma nguzo kwa bega. Akamwita Avit, wakasukuma wote. Haikutikisika.

"Chezeni," alisema, machozi yakimtoka.

Siku ya Muleba, Edvina alifunga mara nne. Avit, aliyemsindikiza, alipiga simu nyumbani kutoa habari. Iliita mara tatu bila kupokelewa. Annastella alikuwa chini ya goli, akimwokotea Kokwijuka mpira.