Feride na Ugonjwa wa Kipepeo

Asubuhi ile mimi na mkamwana wangu Feride tulikuwa tunapanga majani ya mzabibu kwenye mtungi wa maji ya chumvi, kumi kumi, vikonyo upande mmoja. Mimba yake ilikuwa na wiki kumi na tatu. Simu ikalia kutoka hospitali. Kipimo cha damu kilionyesha huenda mtoto ana hali ya Down. Uwezekano ni mmoja kati ya sabini, walisema, na huo ni mkubwa.

Feride alinawa mikono, akaketi. Mchana hakula. Shangazi wa mumewe akaja kumwambia kilicholeta hayo ni vile vidonge vya ugonjwa wake anavyomeza kila siku, aviache.

"Nimemdhuru mwanangu mwenyewe, mama," akaniambia.

Nikamwita jirani yetu Nezahat, mkunga mstaafu. Aliisoma polepole nakala ya fomu tuliyopewa siku ya kipimo, kisha akauliza kwa nini imeandikwa ugonjwa wa ngozi.

Nikakiri kosa ni langu. Siku ile nesi alipojaza fomu alimuuliza Feride anaumwa nini, mimi nikawahi kujibu: ana kipepeo. Hapa mjini kwetu Tokat twauita hivyo ugonjwa wake, kwa ule wekundu unaotanda mashavuni kama mabawa.

"Dada Hatice, kipepeo ni magonjwa mawili," Nezahat akasema. "Mmoja ni wa ngozi inayochubuka. Huyu ana lupasi. Kinga ya mwili wake inaupiga mwili wake mwenyewe. Nani alikufanya msemaji wake?"

Feride akacheka kidogo.

Nezahat akaeleza kwamba lupasi inaweza kuvuruga vipimo vya damu ya mjamzito, hesabu ikaonyesha hatari kubwa kuliko ilivyo. Tena kipimo hicho hakisemi mtoto ana tatizo. Kinasema achunguzwe zaidi. Vidonge asiviache bila kumuuliza daktari, maana lupasi ikiamka ndiyo inayoweza kumdhuru mtoto.

Kesho yake daktari alisahihisha fomu. Picha ya mtoto tumboni ilikuwa nzuri, lakini hakutaka kubahatisha. Alimweleza Feride juu ya kipimo cha maji ya mimba, faida yake na hatari yake ndogo. Feride akakubali. Wiki ya kumi na sita wakayachukua kwa sindano.

Majibu yalifika Alhamisi. Mtoto hana hali ya Down. Feride alilia, akajipangusa, akala sahani mbili za wali.

Siku hizi kliniki anajibu mwenyewe, jina kamili la ugonjwa na dawa zote. Mimi nashika mkoba wake, mdomo nimeufunga.