Mshika Mkia wa Kamba

Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana wanane wa darasa la saba waliifunga kamba kwenye nguzo ya tangi la maji, wakaivuta kana kwamba tangi limewakosea. Kiongozi wao, binti wa fundi cherehani, aliitwa Nahodha. Alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Mwaka uliopita, katika shindano la kuvuta kamba, walikuwa wamebwagwa na wadogo zao, ambao sasa walikuwa darasa la sita, na tangu siku hiyo hata watoto wa chekechea waliwazomea. Huu ulikuwa mwaka wao wa mwisho shuleni. Nahodha aliapa kwamba hataondoka na aibu ile.

Mkia wa kamba ulishikwa na msichana mnene, mpole, aliyeitwa Gunia. Jina hilo alipewa na Nahodha, nalo likamganda kama ulimbo.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya shindano, Nahodha alimpokonya Gunia bakuli lake la chakula akaligawa kwa wenzake.

"Simba aliyeshiba hawindi," alisema. "Usile kitu mpaka kesho tushinde. Njaa italeta hasira, na hasira ndiyo itakayovuta. Wewe una akiba mwilini, hutakufa."

Wenzake walicheka huku wakitafuna. Gunia alitabasamu kidogo. Aliambiwa kwamba akikaidi atang'olewa kwenye timu, na nje ya timu hakuwa na mtu hata mmoja wa kukaa naye wakati wa mapumziko. Mungu atuepushe na urafiki wa namna hiyo.

Jioni ile walivuta nguzo mpaka viganja vikachubuka. Ijumaa asubuhi wakavuta tena, mara kumi, ili misuli "iamke". Nahodha alimwamuru Gunia aizungushe kamba kwenye kifundo cha mkono asije akaiachia.

Shindano lilianza saa nne. Filimbi ilipolia, darasa la saba walivuta kwa kishindo, na kwa muda mfupi ushindi ulionekana uko mlangoni. Kisha mikono ya Gunia ikaanza kutetemeka. Miguu ikalegea. Darasa la sita walivuta mara moja tu, mstari mzima ukasambaratika, kila mtu akaiachia kamba isipokuwa yeye. Hakuweza kuiachia. Aliburutwa kwa magoti juu ya changarawe, huku uwanja mzima ukishangilia.

Nahodha alimkuta chini, kifundo kimechunika, akitapika maji matupu.

"Umetuuza," alimwambia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza.

Mwalimu wa sayansi alimpeleka Gunia ofisini, akamfunga kidonda na kumpa chai yenye sukari. Nahodha alifuata nyuma kumshtaki kwa uvivu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kibanio cha nguo, akamtaka akifungue na kukifunga kwa vidole viwili bila kupumzika. Alipofika arobaini, vidole vilianza kuwaka moto. Alipofika sabini, machozi yalimlengalenga.

"Endelea," mwalimu alisema. "Au wewe ni mvivu?"

"Vidole vimekataa, Mwalimu."

"Vyako vimekataa, vya mwenzako vimetuuza?"

Nahodha alikiweka kibanio mezani. Mwalimu alimweleza kwamba msuli hukaza kwa kuvunja kemikali iitwayo ATP, na ile iliyomo ndani hutosha sekunde chache tu. Hapo mwili hulazimika kutengeneza nyingine upesi, kwa kuvunja sukari iliyohifadhiwa kwenye msuli, yaani glikojeni. Mafuta ya mwili nayo ni akiba, lakini huchelewa, na kamba haisubiri. Timu ilikuwa imeitumia sukari ile jana jioni na asubuhi, na mshika mkia wao alikuwa amenyimwa hata chakula cha kuirudisha.

"Na wewe leo ulikula nini?"

Nahodha aliinamisha kichwa. Kudanganya kungekuwa rahisi, lakini Gunia alikuwa akimtazama.

"Mkate, yai na chai ya maziwa."

Gunia aliweka kikombe chini. Akampa mgongo, na Nahodha alitamani bora angetukanwa.

Mwalimu alimvua unahodha palepale, akaomba timu ipewe nafasi ya kuvuta mara ya pili Jumatano. Siku mbili za mwisho hakuna aliyegusa kamba. Wote walikula na kulala vizuri. Gunia, mkono ukiwa na bendeji, alisimama pembeni akipiga hesabu ya kuvuta na ya kutua, na aliyekuwa nahodha ndiye aliyeshika mkia. Walivuta dakika tatu nzima, na darasa la sita wakavuka mstari.

Aliyekuwa nahodha alikwenda kwa Gunia akamwita kwa jina lake halisi, mara ya kwanza tangu darasa la pili, akaomba msamaha. 

"Nimekusikia," alisema msichana yule, akaondoka zake.

Mwalimu aliona yote.

"Usimkimbilie," alisema. "Msuli uliochoka ukipewa chakula na mapumziko, hurudi baada ya siku moja au mbili. Lakini moyo wa mwenzako uliuvunja kwa miaka, mwanangu. Mtendee haki kila siku, na umwombe Mungu akupe subira. Anayetaka nguvu za watu kwanza awalishe, na hao watu asiwadhalilishe."

Aliyekuwa nahodha aliitikia kwa kichwa, akaanza kuikunja kamba peke yake.