Mlango wa Mwalimu Kwan

Asubuhi ya Jumapili mjini Foshan, ukipata kiti kwenye nyumba ya chai, shukuru. Siuwai alikuwa amepata chake, na anasubiri vimaandazi vyake vya mvuke vyenye nyama ya kamba wa baharini ndani, kijana mmoja mwenye mabega mapana alipojibwaga mbele yake.

"Dada, hapa pana mtu?"

"Hapakuwa na mtu. Sasa pana kabati."

Kijana akacheka. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjamana, na Siuwai, binti wa muunga mifupa, alijua masikio ya namna hiyo yanatoka wapi. Akammiminia chai. Yule naye akagonga meza kwa vidole viwili kushukuru, kama mwenyeji, ingawa lafudhi yake ilikuwa ya kaskazini.

"Unapigana ulingoni?"

"Ndiyo kazi yangu. Naitwa Deshun."

"Basi usifike kwetu. Baba anaunga mifupa na kufundisha ngumi za ukoo, na watu wa ulingoni anawaita majogoo."

"Na wewe unatuitaje?"

"Ngoja kwanza nione kama unawika."

Kabla mvua za kiangazi hazijakatika, Siuwai alikuwa ameshona gauni la hariri ya kijani la kutokea naye, na jina la jogoo limegeuka la mahaba.

Mwalimu Kwan, baba yake Siuwai, hakukataa posa. Alitaka tu kwanza wagusane mikono. Kati ya watu wa kazi ile mlango hufungwa, wawili wakapimana ngumi, na ya ndani hayatoki nje.

Siuwai alimvutia Deshun uchochoroni. "Jogoo wangu, mzee ana miaka sitini na minne. Usimvunjie heshima."

"Nijiangushe?"

"Kwa ajili yangu."

Deshun akajiangusha, tena vizuri mno. Mzee alitoka uso unang'aa kama bwana harusi, akaagiza pombe ya mchele, akamwita mwanangu. Siuwai alifurahi kupita kiasi. Furaha ile ndiyo iliyowaponza.

Maana haukupita muda, mpiganaji mmoja aliyezoea kuwakejeli wazee wa ngumi za jadi mtandaoni alimwita Mwalimu Kwan ulingoni, na mzee akakubali. Deshun akapiga simu.

"Siuwai, nimwambie ukweli. Yule atamuumiza."

"Usithubutu! Atakufa kwa aibu."

"Aibu haivunji mfupa, mpenzi."

"Niachie mimi. Nitamzuia."

Alijaribu. Mzee akamcheka: "Deshun ni bingwa, na nilimlaza chini. Nimwogope nani?" Jibu lilimfika Siuwai ulimini, akalimeza.

Pambano liliisha kabla chai haijapoa. Jicho la kushoto la mzee halikuona tena.

Deshun alifika hospitali na chupa ya supu ya mbavu. Siuwai akamrukia kwenye korido, akimpiga kifuani. "Kwa nini ulianguka vizuri vile?"

"Uliniomba."

"Najua niliomba!" Akamwangukia begani, akalia, naye akamshika mpaka akatulia.

Mzee aliwaita, akaiweka mikono yao pamoja juu ya shuka. "Ulingo umenishinda," alisema. "Lakini wewe nilikushinda, haki bin haki. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nikitoka hapa tufunge mlango tena, mwanangu, nijue kama mkono bado ninao."

"Ndiyo, Mwalimu."

Koridoni Deshun aliketi kwenye benchi. "Kumpiga siwezi. Kujiangusha tena, baada ya lile jicho, siwezi."

"Mkatalie."

"Atajua kwa nini. Halafu atabaki na nini?"

Walikuwa wamempa mzee uongo, na sasa ndio pekee aliokuwa nao.

"Narudi kaskazini," Deshun alisema. "Mwambie nilimwogopa."

Siuwai alimmiminia chai ya mwisho toka birika la wodini, kwenye kifuniko cha chupa ya supu. Deshun akagonga benchi kwa vidole viwili, akainywa yote, akaondoka.

Siuwai aliporudi ndani, mzee aliuliza, "Jogoo wetu yuko wapi?"

"Amekimbia, Baba. Anasema mkono wako anauogopa."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu pambano, mpaka bandeji ikamuuma. Siuwai akazunguka kitanda, akakaa upande wa lile jicho lililofungwa, akalia.