Moshi wa Chumbani kwa Violet

Roda wa Chapwa, Tunduma, alikuwa na jambo moja tu kichwani: jirani yake Ketrina, mama Jairo, anamroga mwanawe. Kwa nini kila asubuhi anamwaga maji karibu na mlango wa watu? Na kwa nini Violet wake, mtoto wa miaka minne, aanze kukohoa muda uleule? Hee! Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi Roda akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa matambara. Kila alfajiri alichoma majani ya dawa, akamfukiza mtoto chini ya blanketi. Nje, mumewe Danford aliwasha lori lake ubavuni mwa dirisha, akaliacha lingurume na kutoa moshi nusu saa, mpaka mitungi ya breki ijae upepo.

Kifua cha Violet kikazidi kubana. Asubuhi moja midomo ikawa ya kijivu. Roda akapiga ukunga, Ketrina akaingia mbio.

"Usimguse mwanangu!"

"Nitukane baadaye, mama Violet. Mtoto anakosa hewa! Baba Violet, zima gari!"

Akamtoa nje, wakakimbia naye zahanati, alikofanya kazi Ketrina. Violet akapata nafuu. Roda bado alimtazama jirani kwa jicho la pembeni.

"Na yale maji?"

"Nalaza vumbi la malori. Lakini maji hayazuii moshi. Moshi una chembe ndogo mno, huzioni kwa macho. Zinapita puani hadi ndani kabisa ya mapafu. Wewe umezifungia chumbani pamoja na mtoto."

"Mbona sisi wakubwa hatuumwi?"

"Zinatuumiza polepole. Mapafu ya mtoto bado machanga."

"Sasa upepo wa breki nijazie wapi?" Danford akauliza.

"Uwanja wa malori, mbali na nyumba za watu."

Roda hakuamini upesi. Alijaribu tu, huku akimvizia Ketrina. Aliacha kufukiza, akapikia nje. Lori likahamia uwanjani. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka ikifika kwao, alifunga dirisha la barabarani, la nyuma akaliacha wazi. Tarehe za kliniki hakukosa hata moja.

Kikohozi kikapungua. Mwezi wa pili Violet alikimbia hadi kwa Ketrina bila kuhema. Roda akamfuata, aibu imemjaa.

"Mama Jairo, nisamehe. Nilikuwa nakuita mchawi moyoni."

"Moyoni?" Ketrina akacheka. "Mtaa mzima ulikusikia!"