Magitaa Matatu, Ufa Mmoja

Treni ya Kigoma ilikuwa imeshaanza kutambaa kutoka stesheni ya Tabora pale Shomari alipotoa kichwa dirishani akapiga ukelele. Gitaa lake lilikuwa limebaki chini, limeegemea madebe ya asali ya Ipole, kama mtu asiye na safari.

"Dada! Wewe mwenye buibui! Gitaa hilo!"

Wenye buibui walikuwa wengi, ila aliyegeuka ni Fakhria, binti wa Mzee Humaidi mwenye duka la vitambaa. Alikuja kumsindikiza shangazi yake Khole aliyekuwa akirudi Ujiji. Buibui lilimfunguka mbele likaonyesha gauni la maua ya njano, na miguuni alivaa viatu vipya vya kisigino. Akalinyakua gitaa, akakimbia nalo sambamba na behewa. Kisigino kikamsaliti. Akaanguka, gitaa likajigonga kwenye ukingo wa mawe.

Shomari akaruka. Sanduku lake likaenda Kigoma peke yake.

"Pole sana. Umeumia?" akauliza, amepiga magoti.

"Goti tu, kidogo..."

"Naliuliza gitaa."

Fakhria akamkodolea macho, kisha akacheka bila kupenda. "Mwanamume huna adabu wewe!"

"Adabu imo sandukuni, bibie. Imekwenda na treni."

Kigoma kulikuwa na bendi iliyomngoja. Akajiambia atapanda treni ijayo, na ilipofika ile ijayo akajiambia vivyo hivyo. Tangu enzi za misafara Tabora ni mji wa kupita, na nusu ya wenyeji wake ni watu waliokusudia kupita. Akapata kazi ya kutengeneza redio kwa fundi Mfaume karibu na soko, akapanga chumba mtaa wa Ipuli.

Gitaa lilibaki na ufa tumboni. Kila alipogusa uzi wa tatu, ulitoka mlio kama wa nyuki aliyefungiwa debeni.

"Si ulipeleke kwa seremala?" Fakhria alimwambia siku alipoleta redio ya duka. Redio ile, kuanzia mwezi ule, iliharibika kuliko redio zote za Tabora.

"Nikilitibu nitakukumbuka kwa kitu gani?"

Siku nyingine Shomari alipiga simu kutoka posta.

"Haloo, duka la Humaidi? Mna sabuni?"

Sabuni ilikuwa adimu nchi nzima, nani angeshuku? Baba akiwapo, Fakhria alijibu, "Imekwisha, bwana." Asipokuwapo, alishusha sauti: "Ipo. Unataka ya kufulia au ya kuoshea ulimi wako huo?"

Shomari akamtungia wimbo usio na maneno. Fakhria aliusikia mara moja pale kwa fundi, macho yakamlowa.

"Shomari, huu usiupeleke kwa wapiga dansi. Baba akisikia wimbo wangu unachezwa na walevi, mimi nimekwisha."

"Sitaupiga na mtu yeyote, mpenzi. Naapa."

Akashika kiapo chake. Lakini wimbo ulitaka magitaa matatu, naye alikuwa mmoja. Akaazima redio kaseti ya jirani yake, Mwalimu Masolwa, akaiweka chumbani pamoja na ya kwake. Kwanza alirekodi nyuzi nene peke yake. Kisha akaicheza kaseti ile kwa sauti, naye akipiga rithimu kando yake, na mashine ya pili ikawasikiliza wote wawili. Akazibadilisha mashine, akaweka solo juu.

Kuyapatanisha magitaa ndiko kulikomtoa jasho. Kila gitaa jipya lilisukuma nyuma lile la mwanzo, na kilichozama hakikuinuliwa tena. Mashine akiiweka kitandani, godoro linameza sauti; akiileta karibu, inapiga kelele. Mawe ya redio, zile betri, yakichoka, gitaa la zamani linaburura na kupishana na jipya, basi anayaanika mawe juani na kuanza tena. Mwishowe aliweka mashine juu ya kigoda karibu na mlango, naye akarudi nyuma kidogo, kidogo tena, mpaka magitaa yale yakakaa kama ndugu kwenye sinia moja.

Akaifunga kaseti kwa gazeti, akampa Fakhria siku ya Idi. Hakumwambia kitu. Alitaka ashangae.

Fakhria alishangaa kweli. Alisikia wanaume watatu wakipiga wimbo wake.

"Haloo, mna sabuni?"

"Imekwisha."

"Baba yupo hapo?"

"Hayupo. Imekwisha tu. Waambie na wenzako wawili." Akakata.

Shomari akabaki ameshika mkono wa simu. Wenzangu wepi? Angekwenda kumuuliza, yangeisha siku hiyo hiyo. Lakini mji mzima ulijua kwamba Hilali, binamu yake Fakhria aliyehamia Maskati, ameleta posa. Akaona amechaguliwa mwenziwe, na sasa anachezewa. Akaandikia bendi ya Kigoma kwamba anakuja.

Nyumbani kwa Humaidi, siku zile jamaa wa Maskati walitumiwa salamu kwa kaseti, kila mtu akisema lake. Bi Saleha, mama yake Fakhria, akaweka mashine mezani.

"Hilali anangoja sauti yako, mwanangu. Sema umekubali, yaishe. Kaseti mpya hazipatikani, futa hiyo ya magitaa."

Fakhria akairudisha mwanzo. Akaicheza kidogo, ajue imefika. Gitaa la mbele likapita kwenye uzi wa tatu: nyuki. Akaacha iendelee. La katikati likagusa uzi wa tatu: nyuki. Akaweka sikio kwenye spika. Chini kabisa, nyuma ya ule mchakacho kama mvua juu ya majani, nyuki yule yule.

Ufa ule aliutia yeye. Magitaa matatu hayawezi kuanguka mahali pamoja.

"Haifutiki hii, mama."

"Ina nini?"

"Ina mtu."

Shomari alimkuta mlangoni kwa fundi, gitaa limeshafungwa blanketi la safari. Fakhria alikuwa amevaa lile gauni la maua ya njano, anahema.

"Sabuni imefika," alisema.

Mfaume akakohoa, akajitia kutafuta bisibisi uani.

"Ni wewe mwenyewe mara tatu?"

"Kumbe ulidhani nani?"

"Mjinga wewe! Ungesema!"

"Nawe ungeuliza, Fakhria."

Fakhria akafuta macho kwa ncha ya buibui. "Haya. Kati yenu watatu, nani atakwenda kwa baba?"

Shomari akafikiri. "Yule wa nyuma kabisa, asiyesikika vizuri. Ndiye aliyeanza."

Mzee Humaidi aliikataa posa ya kwanza ya Shomari na kuikubali ya pili. Baadaye alihamia Maskati na Bi Saleha, wakazikwa huko. Hilali alioa huko huko. Shangazi Khole hakutoka tena Ujiji. Mwalimu Masolwa alihamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Choma, akaondoka na mashine yake. Sanduku la Shomari halikuonekana. Shomari na Fakhria waliishi Ipuli, wakazaa, wakagombana, wakazeeka. Kaseti ililiwa na mashine. Gitaa lilipasuka lote mwaka mmoja wa mvua nyingi, mbao zake zikaenda jikoni.